Wateja wa Alhamisi

Juzi Brenda, binti wa kaka yangu, alikuja kunisalimia akiwa na macho mekundu kama mtu aliyeshinda akipuliza kuni mbichi. Kazi yake ni kutengeneza tovuti, na ameajiriwa na yeye mwenyewe. Tangu alipoketi mpaka nilipomletea uji, simu yake haikunyamaza. Kila ikilia, anaipokea na kusema, "Sawa bosi, nitafanya leo." Nikamwambia aizime kidogo anywe uji. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aitupe chooni.

"Senge," akasema, maana kwetu shangazi huitwa hivyo, "nikizima nitapoteza wateja."

Basi haya ninayoandika ni yake, na ni yenu pia ninyi vijana mnaofanya kazi hiyo mkiwa peke yenu, bila mkubwa wa kuwaambia nendeni nyumbani. Mimi nimestaafu. Wateja sikuwapoteza, isipokuwa wale niliotaka wapotee.

Nilianza kazi hii hapa Kakamega miaka ya tisini ikielekea kuisha. Wakati huo neno tovuti lilikuwa halijatufikia. Tulisema websaiti, na wengine walinijua tu kama yule mama wa kompyuta. Mjini hapakuwa na mahali pa kuingia kwenye mtandao, au kama palikuwapo, mimi sikuonyeshwa. Nilitengeneza kurasa nyumbani, nikazihifadhi kwenye disketi, kisha nikaenda nazo Kisumu kwa bwana mmoja aliyekuwa na laini ya mtandao ofisini kwake. Huko ndiko zilikopandishwa. Ukikosea alama moja nyumbani, utaligundua kosa Kisumu, na utalirekebisha huko huko huku watu wamepanga foleni nyuma yako wakikohoa.

Kabla ya hapo nilikuwa nikipanga herufi katika duka la kuchapa la Mzee Jotham. Tulichapa kadi za harusi, kalenda, risiti na programu za mazishi. Kompyuta ya kwanza kuigusa ilikuwa yake, na kitabu cha kutengeneza kurasa za mtandao niliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao. Nilikisoma polepole, nikijaribu ukurasa mmoja mmoja, mpaka nikaweza. Lakini namna ya kukaa na mteja sikuipata kitabuni. Niliipata kwa Mzee Jotham, mtu mfupi, mpole, ambaye shati lake lilikuwa na wino hata siku ya Jumapili.

Mzee hakuchapa kadi hata moja kabla hajamwita mwenye harusi aje aone karatasi ya kwanza. Watu walilalamika. Mtu anatoka Shianda, aje mpaka mjini kuangalia karatasi?

"Akuje," Mzee alisema. "Jina la shemeji yake likikosewa, si mimi nitaenda kukaa na huyo shemeji."

Na walikuja. Wakiisha kuiona ile karatasi, wakaishika, wakaigeuza, hasira zote ziliwaisha. Hata kazi ikichelewa siku mbili tatu hawakupiga kelele. Nilidhani ni upole wa Mzee unaowatuliza. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ni ile karatasi.

Nilipoanza kujitegemea, nilikubali kila aliyenijia. Mwalimu mkuu wa shule moja kule Mautuma alitaka wanafunzi wake wa zamani walio ng'ambo waione shule na waisaidie kujenga maabara. Mama Rasoa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafinyanzi, alitaka vyungu vyao viuzwe mbali. Kulikuwa na wengine wadogo wadogo. Na juu yao wote alikuwapo Bwana Mukabwa, mwenye nyumba ya wageni kando ya msitu, ambako Wazungu wanaopenda kuangalia ndege hufikia. Yeye peke yake alikuwa kama nusu ya kazi yangu yote.

Mmoja tu ndiye niliyemkatalia mapema, na ninamtaja kwa sababu mtakutana na wenzake. Alikuwa akiuza vipuri vya trekta Shianda. Alitaka websaiti kwa kuwa shemeji yake wa Eldoret alikuwa nayo. Nikamuuliza wanunuzi wake ni akina nani. Akasema ni madereva wa trekta za miwa. Nikamuuliza wanamjuaje. Akasema trekta ikiharibika mbele ya duka lake, wanamjua. Nikamwambia, "Baba, wewe unahitaji ubao mkubwa barabarani, wenye rangi inayoonekana dereva akiwa bado mbali." Alinuna kidogo, lakini akaenda kuchorewa ubao. Mtu huyo sikumfanyia kazi hata siku moja, lakini ndiye aliyenitangaza kuliko wote. Kila aliyemsikia akitaja kompyuta alimwambia, "Nenda kwa Violet. Huyo hawezi kukuuzia kitu huhitaji."

Sasa turudi kwa Bwana Mukabwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na alikuwa akija kwangu karibu kila siku. Nikiwa nafua, yuko mlangoni. Nikiwa nakula, yuko mlangoni.

"Madam Violet, ile kazi yangu iko wapi?"

"Iko kwenye mtandao, Bwana Mukabwa."

"Na mtandao uko wapi?"

Hapo nilianza kueleza habari za waya na mitambo iliyo nchi za mbali, naye alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza ugonjwa wa jirani. Nikimaliza, anasema, "Sawa. Sasa badilisha ule mstari wa chakula. Andika kuna samaki." Kesho yake anarudi: "Toa samaki. Weka ingokho." Mimi nakimbia Kisumu kumtoa samaki na kumweka kuku. Nikirudi, nakuta ujumbe wa Mama Rasoa kwamba chungu fulani kimeuzwa na kiondolewe. Narudi Kisumu tena. Yule bwana mwenye ofisi akaanza kuniuliza kama nimehamia mjini kwao.

Nilikonda. Mume wangu Ezra alikuwa akifundisha, na yeye ndiye aliyekuwa akipika siku hizo, jambo lililowafanya majirani waulize kama niko hospitalini. Jumapili moja kanisani nilisimama kusoma matangazo nikajikuta nimesema, "Kwaya ya vijana itakutana Jumamosi, toa samaki." Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini.

Siku moja asubuhi Mama Rasoa alikuja bila kubisha hodi. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa kufinyangia.

"Violet, wewe unakaa tu? Nimepeleka vyungu kwa Mukabwa, nimekuta kijana wa tai. Ako na kompyuta inajikunja kama Biblia. Mukabwa anacheka naye meno yote nje. Huyo amekuja kukunyang'anya mtu."

Sitawadanganya, niliogopa. Bwana Mukabwa akiondoka, wengine watauliza kwa nini. Mji ni mdogo. Nilibadilisha nguo nikaenda.

Niliwakuta verandani. Kijana aliitwa Dennis. Alikuwa amesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, akafanya kazi Nairobi kidogo, na sasa alikuwa amerudi nyumbani kutafuta kazi yake mwenyewe. Kijana safi, mwenye adabu. Alisimama kunisalimia na kunipa kiti chake. Kwenye kompyuta yake alikuwa ametengeneza ukurasa wa nyumba ya wageni ya Bwana Mukabwa, na lazima niseme ulipendeza. Herufi zilikuwa zikimetameta, na katikati palikuwa na chemchemi kubwa ya mawe, maji yanaruka juu.

"Umeona?" Bwana Mukabwa aliniambia. "Hii ndiyo kazi. Ya kwako, Madam, sijawahi kuiona hata siku moja. Wewe unaniambianga tu iko, iko, iko. Iko wapi? Huyu amekuja na yake, amenifungulia hapa, nimeona kwa macho yangu."

Nilimwona akilini Mzee Jotham na karatasi yake ya kwanza. Mtu huyu alikuwa akija mlangoni kwangu kila siku kwa sababu amenunua kitu asichoweza kukiona. Kompyuta hana. Kisumu hajaenda. Samaki na kuku hawakuwa na maana kwake. Alikuwa akivuta kamba tu asikie kama upande wa pili kuna mtu.

Sikumsema vibaya Dennis, na ninyi msifanye hivyo kamwe. Ukimtukana mwenzako mbele ya mteja, mteja anajiuliza wewe utasema nini juu yake akigeuka. Nilisema hivi tu: "Bwana Mukabwa, nakuomba Alhamisi moja. Twende Kisumu ukaione. Na Dennis aje pia. Ukishaona zote mbili, chagua unayotaka, mimi sitanung'unika."

Alikuna kidevu. "Sawa. Alhamisi."

Huko Kisumu, yule bwana wa ofisi alitupatia viti vitatu mbele ya kompyuta. Nikaandika anwani. Tukangoja. Siku hizo picha haikuja mara moja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuta shuka polepole. Kwanza mbingu. Kisha vichwa vya miti ya msitu. Kisha bati la paa.

"Hiyo ni bati yangu," Bwana Mukabwa akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Hiyo ni kwangu."

Likaja dirisha. Ikaja nguzo ya veranda. Kisha, kwenye kona ya chini, kikaanza kuonekana kitambaa cha kichwa, halafu uso, halafu mikono iliyoshika kunde. Alikuwa mama yake mzazi, Kukhu Felista, bibi kwa sisi sote, ameketi kwenye kigoda akichambua mboga. Nilipopiga ile picha alikuwapo hapo, nami sikuona sababu ya kumwondoa kwake.

Bwana Mukabwa aliruka. "Mama! Mama anafanya nini hapo? Watu wa ulimwengu mzima wanamwona mama yangu anachambua mboga? Mtoe!"

"Nitamtoa ukitaka," nikasema. "Lakini kwanza soma hizi."

Wageni waliokuwa wakitaka vyumba waliniandikia mimi kwenye baruapepe, nami nikampelekea majina na siku watakazofika. Yale mengine waliyoyaandika sikuwa nimempelekea, maana hayakuwa ya kupanga vyumba. Sasa nilimfungulia, nikamsomea nikitafsiri. Mwanamume mmoja aliuliza kama yule bibi aliye verandani ndiye anayepika. Wanandoa fulani walisema wametazama hoteli nyingi zinazofanana zote, lakini pale wameona mtu. Mwanamke mwingine alitaka kujua zile ni mboga gani, na kama anaweza kufundishwa kuzichambua.

Bwana Mukabwa aliniomba nirudie ile ya mwisho. Kisha akamgeukia Dennis, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Na yale maji yanaruka. Mgeni akikuja akaniuliza yako wapi, nitamwonyesha nini?"

Dennis alijikohoza. "Nilifikiri ungeyajenga baadaye, Mzee."

Tulicheka wote, Dennis akiwa wa kwanza. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana.

Lakini Bwana Mukabwa alikuwa bado hajatulia kuhusu picha ya mama yake. Niliuchapisha ukurasa ule kwenye karatasi, kwa rangi, tukarudi nao. Tulimkuta Kukhu Felista jikoni. Tukasalimiana, mulembe, mulembe, nikampa karatasi. Akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Kukhu."

"Na watu wanaoniona ni wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Wengi wanakuulizia."

Bwana Mukabwa akaingilia: "Mama, nimesema utolewe. Si heshima."

Kukhu alimwangalia mwanawe kutoka miguuni hadi kichwani, na urefu ule wote wa Mukabwa ukapungua. "Hii nyumba nilianza na sufuria moja, nikipikia watu wa kukata mbao. Wewe ulikuwa unalia mgongoni. Sasa mboga zangu zimekuwa aibu?" Kisha akanigeukia mimi, na hapo nilijua mwenye nyumba ile ni nani. "Lakini wewe pia umekosea. Ungeniambia nivae kile kitambaa kizuri."

Nilirudi na kamera. Alivaa kitambaa cha kanisani, cha bluu, akakaa kwenye kigoda kile kile na kunde zile zile. Alikataa kutabasamu. Alisema mtu anayechambua mboga hacheki, atakula mchanga.

Bwana Mukabwa akabaki kwangu. Lakini msifikiri nilishukuru na kurudi kwenye mbio zangu za zamani. Mteja akikuambia anabaki, hapo hapo ndipo mahali pa kumwambia mtaendeleaje. Ukingoja kesho, umechelewa. Niliketi naye pale pale verandani.

"Kuanzia leo naenda Kisumu Alhamisi tu," nikamwambia. "Ukitaka kitu kibadilishwe, kinifikie Jumatano kabla sijafunga kazi. Kikija baada ya hapo, kitangoja Alhamisi inayofuata. Ijumaa asubuhi nitakuletea ukurasa umechapishwa, utauona, utaubandika ukutani pale mapokezi."

"Na jambo la haraka je?"

"Jambo la haraka ni barabara imekatika au nyumba imeungua. Samaki si haraka."

Akacheka.

"La mwisho. Nataka mtu mmoja tu wa kuniambia cha kubadilisha. Leo unaniambia wewe, kesho mpishi, keshokutwa binamu yako. Chagua mmoja."

Nilitarajia ajitaje mwenyewe. Lakini Kukhu Felista alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake mkononi. "Ni mimi," akasema. Na hakuna aliyebisha.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyekuwa akinipa maagizo ni yule mama ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, na sijapata msimamizi bora kuliko yeye. Aliitazama karatasi ya Ijumaa, akaniuliza kila neno limesema nini, na akakubali au akakataa. Karatasi zile zilijaa ukuta wa mapokezi, na Bwana Mukabwa alizionyesha kwa kila aliyeingia, hata aliyekuja kuuza makaa.

Mama Rasoa na wenzake nao niliwapelekea karatasi yao. Waliibandika kwenye kibanda wanakochomea vyungu, na tangu siku hiyo hawakunijia tena kuuliza kazi iko wapi. Walikuja kunisalimia tu, jambo ambalo ni tamu zaidi.

Lakini kazi ilikuwa bado nyingi kuliko mikono yangu, hata kwa utaratibu wa Alhamisi. Shule ya Mautuma ilikuwa mbali, na kila mara nilikuwa nikiifikia nikiwa nimechoka. Mwalimu mkuu alistahili mtu mwenye nguvu. Nikamwita Dennis nyumbani, Ezra akamwekea obusuma, ugali wetu, na alipokuwa ananawa nikamwambia, "Kuna shule inahitaji mtu. Nitakupeleka mwenyewe nikutambulishe."

Alibaki mikono juu ya beseni. "Madam, mimi nilikuja kukuchukulia mteja."

"Ndiyo. Na sasa nakupa mwingine. Wachukue polepole, usije ukaanza kutangaza samaki kanisani."

Nilienda naye Mautuma, nikamweleza mwalimu mkuu waziwazi: mimi nimezidiwa, huyu ni kijana mzuri, na kama atakuangusha, mimi bado niko Kakamega. Hakumwangusha. Alipopata kazi kubwa asiyoiweza peke yake, alinijia. Nami nilipougua malaria, ndiye aliyebeba disketi zangu zote Kisumu na kuziweka kila moja mahali pake. Kama ningemfanya adui siku ile verandani, ningeugua na kazi zangu zingeugua pamoja nami.

Brenda alisikiliza haya yote na uji wake ukapoa. Akaniuliza kama kweli Bwana Mukabwa aliishika ile sheria ya mtu mmoja. Nikamwambia alijaribu kuivunja mara moja tu.

Ilikuwa katikati ya juma. Alifika kwangu amevaa suti mpya ya kijivu, ananukia vizuri, na chini ya kwapa alikuwa na bahasha ya picha alizopigwa studio. Alitaka ile kubwa iwekwe mbele kabisa ya ukurasa, juu ya paa, juu ya miti, juu ya kila kitu. Niliitazama. Ilikuwa picha nzuri, ameweka mkono kiunoni kama mkuu wa wilaya.

"Kukhu amesema nini?" nikamuuliza.

Aliangalia dari. Akaangalia viatu vyake.

"Kukhu amekataa."

Nikairudisha picha ndani ya bahasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akavua koti la suti, akaketi, akaniomba chai. Tuliongea habari za mvua na mahindi mpaka birika likaisha. Alikuwa mteja wangu mpaka siku niliyofunga kazi.